Ufuo Uliochimbwa Juu ya Kisima

Jirani yangu mmoja ni mwalimu, na jioni hupenda kunieleza jinsi dunia ilivyogeuzwa. Anasema si wafalme na marais peke yao walioigeuza. Kuna ukame, kuna biashara, kuna bunduki, na kuna magonjwa yanayosafiri mbali kuliko majeshi. Juzi alitaja kipindupindu. Alisema kilianzia visiwa vya Asia, kikavuka nchi baada ya nchi, na miaka ya sabini ilipokuwa inaanza kikabisha hodi kwetu.

"Ni nguvu ya historia, mama," akaniambia. "Hapo hakuna wa kumlaumu."

Mimi nilisoma Kurani nikahitimu, na shule ya serikali nikaishia darasa la tatu. Historia ya dunia siijui. Basi kutoka Asia mpaka kwetu Uthiru, pembeni mwa Nairobi, nakubali, ugonjwa ulijiendea wenyewe. Lakini kutoka lango la ploti yetu mpaka kinywani mwa mdogo wangu, hapo palikuwa na watu. Majina yao sitayaandika, kwa kuwa wana wajukuu na wajukuu hawana kosa. Kazi zao nitazitaja.

Wa kwanza ni mwenye ploti. Tulikuwa wapangaji wa vyumba vya mstari mmoja, mabati juu, saruji chini, na mfereji mmoja uani. Mwaka ule yule bwana alinunua ng'ombe wa gredi, akaanza kupeleka maziwa Karen kwa wenye majumba. Wale ng'ombe walikunywa maji utadhani wanashindana. Akaukata mfereji wetu, bomba akalielekeza bandani kwao. Tulipokwenda kulalamika alicheka.

"Kisima iko pale chini. Maji ni maji. Nyinyi watu wa pwani si mmezoea visima?"

Kisima chenyewe alikuwa amekichimba ili apate maji ya kukorogea saruji wakati wa ujenzi. Hakikuwa na ukingo wa maana wala kifuniko. Mvua ikinyesha, uwanja wote ulitiririkia mle.

Mdogo wangu alikuwa amenifuata kutoka Mombasa baada ya kuachwa. Alipata kazi ya uyaya Parklands, akilala kwetu na kwenda asubuhi. Alikuwa mtu wa ibada, lakini mdomo wake haukuwa na breki. Jioni moja aliingia akanitupia buibui mapajani.

"Dada, leo kule kwa Wahindi kumewaka moto. Bwana afya amepita nyumba kwa nyumba. Maji yachemshwe, matunda yaoshwe, na watu wote wachomwe sindano. Hata mbwa nusura achomwe."

"Ugonjwa gani huo?"

"Wa tumbo. Mama mwenye nyumba hataki hata kuutamka. Anauita 'ile kitu'."

Tangu siku ile tukawa tunachemsha maji yetu ya kunywa. Huku Uthiru hakuna aliyekuja kutuambia lolote.

Chumba cha mwisho alikaa mzee wa kutoka pwani, muuza viungo karibu na soko la mjini. Alikwenda kumtazama jamaa yake upande wa ziwa, akarudi amenyauka, macho yameingia ndani. Hakumaliza siku. Tulipoona vile alivyoharisha maji meupe kama ya mchele, tulimwita bwana afya. Akaja yule yule wa Parklands, mdogo wangu alimtambua, kaptula ya kaki na soksi ndefu. Akasimama mlangoni na kitambaa puani.

"Huyu amekula samaki mbovu," akasema.

Nilikuwa naanika nguo karibu na banda la ng'ombe walipokwenda kuzungumza na mwenye ploti. Niliwasikia kwa masikio yangu.

"Kama ni ile, lazima nifunge hapa pote. Na maziwa pia."

"Si ile, bwana. Mzee alikuwa tu mzee."

Bwana afya akaondoka na mkebe wa maziwa. Huyo ni wa pili, na ndiye ninayemchukia zaidi, kwa sababu alijua. Kutuambia na sisi maneno aliyowaambia watu wa Parklands kungemchukua muda wa kumaliza sigara moja.

Wa tatu ni wetu sisi, na ni vigumu kumwandika. Alikuwa maalimu wetu, aliyewafundisha watoto alifu na bee kwenye kibanda cha mabati. Maiti ya Mwislamu huoshwa, na kwetu pwani maji yale hayamwagwi ovyo. Huchimbwa shimo chini ya kitanda cha kuoshea, ndilo tunaloliita ufuo, maji yakaingia mle na kufukiwa. Pwani huchimbwa chumbani, kwenye mchanga, na mchanga hunyonya papo hapo. Hapa chumba kilikuwa cha saruji na mwenye ploti alikataa katakata sakafu yake isiguswe. Maalimu akatazama huku na huku, akaonyesha mahali uani, nyuma ya vyumba. Wakazungusha shuka, wakachimba.

Mdogo wangu alikuwa akiwapelekea ubani. Aliporudi nilimwona uso umemgeuka, akarudi tena pale.

"Maalimu, samahani. Hapa si juu ya kisima, mteremko wa kushukia mle?"

"Mwanangu, ardhi hunyonya."

"Udongo huu mwekundu, maalimu, mvua ikinyesha haunyonyi hata mate."

"Basi wewe ndiye utakayetufundisha kuzika?"

Wanaume wakacheka. Mdogo wangu akainama akaondoka. Maalimu alikuwa ameishi Nairobi miaka mingi, lakini miguu yake bado ilikuwa imesimama kwenye mchanga wa Lamu. Walimwosha mzee kwa heshima zote, wakamvika sanda, wakamzika. Ufuo ulijaa mpaka juu na maji yakasimama. Wakafukiafukia kwa koleo, matope juu ya matope. Alasiri ikanyesha mvua kubwa. Niliyaona maji mekundu yakishuka kutoka kule nyuma, yakaingia kisimani.

Maji ya kunywa tulichemsha, kama nilivyosema. Ya kutawadhia hatukuchemsha. Nani angetuambia kuwa hata kusukutua mdomo ni kunywa? Mdogo wangu alitawadha kwa maji ya kisima kila sala, na mdomo alikuwa akiusukutua barabara, kama alivyofundishwa utotoni.

Mume wangu alikuwa ameshuka Mombasa kufuata vitambaa vya duka alikofanya kazi. Asubuhi moja, siku chache baada ya mazishi, mdogo wangu hakuamka kwenda Parklands. Nilipomfunulia shuka, godoro lilikuwa limelowa na miguu imekakamaa. Nilimkokota mpaka langoni. Lango limefungwa kwa kufuli.

Mwenye ploti alikuwa ndani ya ua na ufunguo mfukoni. Alitutazama kama anayetazama mzigo.

"Ngojea giza, mama. Ukimtoa saa hii watu wataona. Wakisema kwangu kuna ile ugonjwa, nani atakunywa maziwa yangu?"

"Anakufa, bwana! Mtazame!"

"Si nimesema ngojea? Jua ikiingia nitafungua mwenyewe."

Nilipiga magoti. Naandika bila haya, nilimshika miguu yule mtu mbele ya ng'ombe wake, na alinitoka akaenda kukamua. Wapangaji wengi walikuwa wamekwenda kazini kabla lango halijafungwa, na waliobaki walichungulia wakafunga milango. Ilikuwa mchana tayari nilipomsikia jirani wetu wa kutoka magharibi akirudi. Alikuwa kibarua wa mjengo, Mkristo, na siku ile mvua ilikuwa imewatoa kazini mapema. Alikuta lango limefungwa, akauliza kwa nje kuna nini. Nikamwambia kwa machozi.

"Sogea pembeni, mama," akasema.

Akaitia sululu yake kwenye kufuli akalivunja. Mwenye ploti alikuja mbio akipiga kelele za polisi.

"Ita," kibarua akamwambia. "Waite waje na hao wateja wako wa maziwa."

Alimbeba mdogo wangu mgongoni mpaka barabara kuu, akasimama katikati ya lami mpaka gari la mboga likasimama. Juu ya magunia ya sukumawiki mdogo wangu alifungua macho, akanitazama.

"Dada, leo Wahindi watajipikia," akasema. Sauti ilikuwa kama ya mtu aliye chumba cha pili.

Hospitalini mimi mwenyewe niliangukia mlangoni, kumbe ugonjwa ulikuwa umenishika nami. Wakatulaza vitanda vya jirani, kila mmoja na dripu yake. Yangu iliingia. Yake walitafuta mshipa mkono huu na mkono ule, miguuni, na mishipa yote ilikuwa imelala. Nesi alisema taratibu, bila kunitazama, "Mngekuja asubuhi."

Alikata roho kabla ya magharibi. Niliomba maji nimwoshe. Nesi akasema maiti wa ugonjwa huu hawaoshwi wala hawatolewi kwa jamaa, wanazikwa na watu wa baraza la jiji. Nikamwambia basi aniache nimtayamamishe, vumbi badala ya maji. Hakujua ni nini, lakini alinishikia dripu nikashuka. Nilipiga viganja kwenye ukuta wa mawe penye vumbi, nikampaka uso, kisha mikono. Hayo ndiyo yote aliyopata, mtu aliyekuwa akiosha uso wake mara tano kwa siku.

Wakaja wanaume wawili wenye glavu. Nilimzuia mmoja kwa neno.

"Kaka, mlaze kwa ubavu wa kulia. Uso uelekee kibla, kaskazini."

"Kaskazini ndiyo wapi, mama?"

Nikamwonyesha kwa mkono wenye sindano. Akageuka akatazama dirisha, akarudi kunitazama.

"Nitamgeuza mimi mwenyewe," akasema.

Mpaka leo sijui kama alimgeuza. Kaburi lile sikuonyeshwa, na nilipopata nguvu za kwenda kuuliza, kila ofisi ilinielekeza ofisi nyingine.