Miti Iliyokuwa Paa la Bibi

Siku ile baba alipowasha tanuru la matofali hapa Ngezi haijanitoka moyoni, mwanangu. Nilikuwa kijana wa shule, na nilifurahi kweli. Tungekuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma, na bibi, mama yake baba, alikuwa ameahidiwa chumba cha mbele, chenye dirisha la kutazama barabara.

Mikaratusi yote aliyoipanda babu nyuma ya nyumba ilikuwa imekatwa kuwa kuni. Bibi akaja na fimbo yake, akasimama mbele ya moshi.

“Mutoto yangu, weye unajenga ao unachoma? Ile miti baba yako aliipanda juu ya kushika mabati.”

“Mama, tulia. Mbao tutapata tu,” baba akajibu.

Kuta zikasimama, nyekundu, nzuri. Mbao hatukupata. Majirani nao walikuwa wamechoma miti yao, na mbao za kutoka mbali hatukuziweza bei. Nyumba ikakaa wazi, majani yakaota sebuleni. Jioni bibi alikuwa anachukua kiti chake, anakaa mle chumbani mwake, anatazama mawingu. Akafa kabla ya paa. Hakulala humo hata siku moja. Mimi sasa ni mzee, lakini hamu ya bibi yangu haijaniisha, wala hamu ya ile mikaratusi iliyokuwa ikivuma hadi nipate usingizi.

Juzi ulikuja na wenzako wa chuo kikuu, mkanieleza habari za matofali ya udongo yanayoshindiliwa kwa mashine na kukaushwa kivulini, bila kuni. Mmoja wenu akacheka, eti hizo ni nyumba za maskini. Mimi sikucheka. Nilitamani bibi angekuwepo awasikie.

Basi sikia. Ukipewa kazi ya kujenga, usikimbilie ukuta. Uliza kwanza moto utakula nini, na paa litabakiziwa nini. Pale udongo usiochomwa unapofaa, uache hivyo hivyo. Ukikata mti, panda mwingine kabla hujachimba msingi, kwa sababu nyumba inamalizika upesi kuliko mti kukua. Na mzee wako ukimwahidi chumba, fanya haraka.

Mungu akubariki, mwanangu. Mikono yako ijenge, isiunguze. Na siku utakayofungua mlango wa nyumba yako, akujalie uwe bado na mzee wa kumshika mkono, aingie wa kwanza.