Toki Namba Sita

Kuna watu hapa Mabanga, mjini Goma, wanaosema kwamba siku ile nilivuta moshi wa makaa nikaota macho wazi. Waache waseme. Jambo ninaloliandika lilinipata mchana, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu cha kazi, na kesho yake wengine walisikia pamoja nami. Siongezi kitu. Mtu wa kuongeza huwa pia mtu wa kusema sana, na mimi kusema kunanishinda tangu utoto.

Kazi yangu ni toki, zile redio za mkononi wanazobeba walinzi na watu wa mitumbwi. Toki mpya haina kitu ndani. Ninaiunga na kompyuta kwa kable, ninaandika frekanse, yaani masafa, ya kundi la mwenyewe, kisha ninachagua toni. Toni ni mlio mdogo ambao sikio la mtu halisikii. Toki inautuma chini ya sauti yako. Toki ya mwenzako ikipata mlio inaoungojea, inafunguka, unasikika. Ikipata mlio mwingine inanyamaza kabisa, hata kama mwenzako amesimama nyuma ya ukuta tu. Na toni ziko mbili, moja ya kutuma na moja ya kupokea. Ukikosea ile ya kutuma peke yake, mwenye toki atawasikia wote, lakini yeye hakuna atakayemsikia.

Tafadhali ulikumbuke hilo.

Papa Kambale, mwenye kibanda, alinifundisha kazi hii kwa subira. Sheria yake ilikuwa moja: hakuna toki inayotoka mlangoni kabla ya kuita na kuitikiwa. Unashika toki, unaita kwa namba yake, na toki ya majaribio iliyo ukutani inakuitikia kwa sauti ya mtu. Kuangalia taa ya toki ikiwaka peke yake, kwake, hakukuwa kujaribu.

Jumatatu moja alikuja Mama Furaha kutoka mtaa wa Lac Vert na toki nane mpya za watu wake ndani ya kartoni. Yeye ndiye mkubwa wa kamati ya mazuku kule kwao. Kama hujafika Goma, mazuku ni hewa mbaya inayotoka chini ya mawe ya volkano. Huioni. Inajaa kwenye mashimo na njia za bondeni, hasa asubuhi kabla jua na upepo havijaitawanya. Anayeshuka humo anaishiwa pumzi, anaanguka, haamki. Kwa hiyo watu wanane wa kamati wanasimama kila alfajiri, kila mmoja juu ya shimo lake, wanashusha taa ya mafuta iliyofungwa kwenye fimbo. Taa ikizimika, njia imefungwa, na lazima wengine wajulishwe kabla watoto hawajaenda kuchota maji.

Niliandika toki zote nane. Nikaanza kuzijaribu. Moja ikaita, nikaitikia. Mbili, tatu, nne, tano. Mvua ilikuwa imeleta motari watatu mlangoni, wale wa kubeba abiria kwa pikipiki, wamejikinga, nao walikuwa wananisikiliza. Nilipochukua ya sita, mmoja wao anayeitwa Heri aliiga sauti yangu ndogo, wenzake wakacheka.

“Ongea kama mwanaume, mutoto,” akaniambia. “Iyo toki haiume.”

Mwingine akauliza kama ninaita toki au ninaita mchumba. Masikio yangu yakawa moto. Niliirudisha ya sita ndani ya kartoni, nikaweka ya saba na ya nane juu yake, nikafunga. Mama Furaha aliponiuliza kama zote zimejaribiwa, nilisema ndiyo.

Neno moja tu. Utaona lilifika wapi.

Alhamisi mchana mvua ilikuwa inapiga mabati hata sauti ya jirani huisikii. Papa Kambale alikuwa ameenda kula. Chini ya meza yangu mbabula, jiko letu la makaa, ilikuwa inawaka vizuri, makaa mekundu, maana umeme ukikosekana tunapashia hapo chuma cha kuchomelea waya. Niliinua macho nikaona muzee amekaa kwenye benchi la wateja. Sikumwona akiingia. Alikuwa na koti refu na buti za mpira, na juu ya buti zile kulikuwa na vumbi la kijivu la mawe yetu. Vumbi, nasema. Nje maji yalikuwa yanapita barabarani kama mto, na buti zake zilikuwa kavu.

Aliweka toki mezani. Nyuma yake ilikuwa namba sita, kwa mwandiko wangu.

“Minaita,” akasema polepole. “Miye minabasikia bote. Bao habanisikie.”

Yaani anawasikia wote, wao hawamsikii; na hakusema kwa hasira. Nikaomba radhi kwa kichwa, kama ninavyofanya, nikaingiza kable. Ilipofunguka kwenye kompyuta nililiona kosa mara moja. Toni ya kupokea ilikuwa themanini na nane na nusu, sawa na wenzake. Ya kutuma ilikuwa tisini na moja na nusu. Kwenye orodha ziko jirani. Nilibonyeza mstari mmoja chini ya ule niliotaka, basi. Kama ningeiita siku ile, ningejua palepale.

Ndipo nilipohisi miguu inapoa. Nikaangalia chini ya meza. Makaa yalikuwa meusi. Hayakuwa na majivu, wala maji hayakuyagusa. Yalikuwa meusi kama bado yamo kwenye mfuko. Nikawasha kiberiti, kikazimika kabla hakijashika. Cha pili hivyo hivyo. Kichwa kikawa kizito, na puani kulikuwa na ule mchomo unaoupata ukinywa limonadi ya gesi kwa haraka. Niamini, sikuogopa kwanza. Nilihisi kama nimeingia kanisani nikakuta watu wote wamepiga magoti, nami peke yangu nimesimama.

Muzee alinitazama. “Maliza, mutoto wangu.”

Nikarekebisha toni. Nikahifadhi. Nikachomoa kable, nikamrudishia toki kwa mikono miwili. Alisimama, akatoka kwenye mvua. Makaa chini ya meza yakawa mekundu tena, yote kwa mara moja.

Kisha toki yetu ya majaribio, iliyokuwa ukutani bado na toni ya Lac Vert, ikawasha taa ya kijani.

“Sita anaita,” ilisema. “Munanipata?”

Nilitoka hadi mlangoni. Barabara yote ilikuwa wazi, kulia na kushoto, hakuna mtu. Na toki inauliza tena, munanipata. Nilijua inavyotakiwa. Unabonyeza, unasema nimekupata. Mkono wangu haukuinuka. Taa ikazimika. Ilikuwa mara ya pili simwitikii sita; ya kwanza ni ile Jumatatu, nilipoifunga toki yake kwenye kartoni bila kuiita.

Papa Kambale aliporudi nilimweleza yote, na kwangu kueleza yote ni kazi ya saa nzima. Habari ya makaa aliisikiliza tu. Habari ya toki ambazo sikuzijaribu ndiyo iliyomkunja uso.

“Kesho asubuhi utaenda Lac Vert,” akasema. “Weye mwenyewe. Utamwambia ule mama kwa kinywa chako.”

Ijumaa jua halijatoka, motari niliyempata alikuwa Heri. Tulifika kwa Mama Furaha akiwa amekaa nje, toki yake ya siku zote mezani, anaita watu wake namba kwa namba, kila mmoja akitaja njia anayoilinda. Nilisimama mbele yake nikasema niliyoyakariri njia nzima: kwamba nilimdanganya, kwamba tatu sikuzijaribu, kwamba ya sita ilikuwa na kosa langu. Nikaongeza kwamba sasa imepona, kwa sababu muzee wa sita aliileta jana mchana nikaitengeneza.

Mama Furaha aliacha kuita namba. Aliuliza muzee huyo alivaa nini. Nikamwambia.

“Sita tulimuzika juzi,” akasema.

Akanieleza kwa sauti ya chini. Jumanne, asubuhi ya kwanza ya toki mpya, sita hakuitika alipoitwa. Walidhani ni mzee, hajazoea kubonyeza. Watu waliokuwa mbali juu ya mlima walimwona amesimama kando ya shimo lake, toki mdomoni, muda mrefu. Mbuzi walikuwa wameshuka kwenye shimo, na mtoto anayewachunga alikuwa anawafuata. Muzee, mtoto alisimulia baadaye, alikuwa anaomba kamba na watu. Hakuna aliyekuja, kwa sababu hakuna aliyesikia. Akashuka mwenyewe, akamsukuma mtoto juu, yeye hakupanda. Toki yake haikuonekana tena.

Sijui kama unaweza kufikiri nilivyokuwa nimesimama pale. Heri naye alikuwa ameshika kofia yake ya pikipiki kifuani, haangalii mtu.

Ndipo toki ya mezani ilipowasha taa ya kijani.

“Sita anaita.”

Mama Furaha alisimama hadi kiti kikaanguka. Aliijua sauti. Mimi pia niliijua.

“Sita anaita. Batoto babili banashuka njia ya chini, na bidoo. Mubarudishe.”

Kisha kimya. Lakini kimya cha toki kina namna mbili, waulize wanaofanya kazi hii. Kuna kile cha mtu aliyemaliza, na kuna kile cha mtu anayengoja kuitikiwa. Mama Furaha alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Heri alikuwa amerudi nyuma hadi kwenye pikipiki. Hakukuwa na mwingine. Nikaichukua toki.

“Sita, nimekupata,” nikasema. “Nimekupata, muzee.” Na sauti yangu ilitoka kubwa, sijui kutoka wapi. “Nne, nne, uko karibu na njia ya chini. Batoto babili. Kimbia.”

“Nimesikia,” namba nne akajibu, anahema tayari. “Ni nani aliita?”

Mama Furaha aliinua kiti kilichoanguka.

Aliwakuta kwenye kona ya mwisho, msichana na kaka yake mdogo, ndoo mikononi. Walikuwa wamesimama kwa sababu mbwa wao aliyetangulia hatua chache mbele alikuwa amelala chini, na msichana alikuwa anamwita. Hatua chache. Namba nne aliwashika kwa nguo akawavuta juu. Mbwa alibaki.

Upepo ulipoanza na taa ikakubali kuwaka hadi chini, wanaume walishuka kwenye shimo la sita kwa kamba, kuitafuta toki yake. Toki ilikuwa imeingia kwenye ufa wa mawe, ndani urefu wa mkono mzima. Betri ilikuwa imevimba, maji yamejaa, sisimizi wamejenga kwenye kipaza sauti. Ilikuwa humo tangu Jumanne, yeyote angeona. Niliikausha, nikaipeleka kibandani, nikaifungia betri nyingine, nikaingiza kable mbele ya Papa Kambale.

Kupokea, themanini na nane na nusu. Kutuma, themanini na nane na nusu.

Nilisoma mara tatu. Papa Kambale alivua kofia yake.

Jumapili nilienda kwa mjane. Nilimwambia kosa langu lote, nikitazama chini, nikingoja anifukuze. Aliendelea kuchambua maharagwe, kisha akaniuliza kama buti za mume wake zilikuwa kavu.

“Kavu, mama. Na vumbi.”

“Tuliziweka ndani ya sanduku pamoja naye,” akasema. Baadaye akasema tena: “Kama alikukasirikia, asingekuletea kazi. Alikuwa mutu wa kazi.”

Sikuomba zaidi ya hapo. Hata hivyo ninajua nilichofanya. Motari wanaponicheka siku hizi ninaita kwa nguvu zaidi, na Heri huwanyamazisha wengine.

Namba sita haikupewa mtu. Shimo lake linalindwa na namba tisa, toki mpya niliyoiita na kuitikia mara kumi. Kila asubuhi ninafungua toki ya ukutani na kusikiliza Mama Furaha anavyoita watu wake kule Lac Vert. Akimaliza tano, anangoja kidogo kabla ya saba. Asubuhi nyingi hakuna kitu. Nyingine taa ya kijani inawaka, bila sauti, muda wa mtu kuvuta pumzi moja. Hapo ninabonyeza. Ninasema, sita, nimekupata.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukinunua toki, usiondoke kwa fundi kabla hujaita ukasikia sauti ya mtu ikikuitikia, hata kama fundi anaona haya, hata kama watu wanacheka mlangoni. Na ikitokea unapita Lac Vert asubuhi mapema, toki ya mtu ikawaka karibu nawe, sauti ya muzee ikasema urudi, usipoteze muda kuuliza ni nani. Rudi. Lakini ukiwa unarudi, mwitikie.