Kidonge cha Wario

Tangu Kaltuma aolewe na Wario, hakuwahi kumsikia akikiri kosa. Ng'ombe wakipotea, mkosaji ni mchungaji. Pale Garsen watu walimwona mzee wa busara. Kaltuma akisikia hivyo hutema mate kando.

Mwaka 1958 moyo ulimlemea. Daktari wa Nairobi alimpa vidonge vya kuizuia damu isigande, akamtaka arudi apitishwe mpira mwembamba katika mshipa wa kinena, upenye hadi moyoni, waone kilichoharibika.

"Lakini mzee, kabla ya kuja viache vidonge. La sivyo tukikutoboa, damu haitakatika."

Nyumbani Wario akacheka. "Mtoto wa juzi anifundishe mimi! Dawa ikiwa njema, ya nini kuiacha?" Akawa anameza maradufu, hata ndani ya lori lililowapeleka Nairobi kupitia Madogo.

"Baba Hirbo, si ulikatazwa?" Kaltuma akamuuliza.

"Nani aliyekuuliza?"

Hospitalini daktari akamuuliza kama ameviacha.

"Kitambo," akajibu Wario.

Kaltuma akafungua kinywa. Mumewe akamtolea macho, naye akakifunga, akijidharau kuliko alivyomdharau mumewe.

Mpira ulipotolewa, bandeji ikalowa, kisha shuka. Paja likavimba, likawa jeusi.

"Anameza!" Kaltuma akapiga kelele. "Hata asubuhi hii amemeza!"

Daktari akakandamiza kinena kwa ngumi, akichoka anapokewa na muuguzi. Wakamdunga sindano ya kugandisha damu, wakamtundikia chupa ya damu ya mtu asiyemjua. Mzee wa busara, uchi mbele ya wageni, akalia akimwita mama, kama ndama aliyetengwa na mamaye. Kaltuma aliogopa kwamba atakufa, na hofu hiyo nayo ikamuudhi.

Hakufa. Alirudi Garsen akichechemea, akaketi dukani kwa Warsame kunywa chai.

"Madaktari wa siku hizi hawajui kazi," akawaambia wanaume. "Nusura waniue."

Kaltuma alikuwa amefuata sukari. "Waambie ulivyoulizwa ukasema uongo. Waambie ulivyomwita mama yako."

Wario akatazama kikombe. Warsame akajifanya anakohoa, lakini mabega yalimtikisika.

Daktari alikuwa ameagiza vidonge viendelee, kimoja kwa siku. Kaltuma akavifunga katika pindo la nguo yake. Kila asubuhi humpa mumewe kimoja, akamsimamia.

"Fungua kinywa. Inua ulimi."

Wario hufungua.