Kushusha Tawi Juu ya Chumba cha Mgonjwa

Watu wetu wakiona kamba, wanavuta. Sijui tulifundishwa na nani; labda ng'ombe, labda magari yanayokwama kwenye matope ya mwezi wa nne. Lakini kamba ya kushusha tawi haivutwi. Inaachiliwa, polepole, na ufundi wote uko katika kujua uachilie kiasi gani na wakati gani. Hiyo ndiyo kazi yangu kwa miaka kumi na moja sasa. Mume wangu hupanda na msumeno, mimi hubaki chini na kamba. Tumekata miti Ruring'u, Karatina, Nanyuki, kila mahali ambapo mtu alipanda kijiti kando ya ukuta na kusahau kwamba miti hukua.

Wanaume hucheka wakiniona nimeshika kamba. Wengine humuuliza mume wangu kama amekosa mtu wa kuajiri. Yeye huwajibu kwamba mwanamume akipewa kamba hutaka kuonyesha nguvu, na nguvu ndizo zinazovunja mabati. Ni jibu zuri na nimelisikia mara nyingi. Siku ile ya mtaa wa Majengo hakulitoa, na mimi sikumkumbusha.

Aliyetuita alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa makamo, anayenunua ng'ombe na mbuzi Doldol na kuwaleta Nyeri. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na mti mkubwa wa ovakado, na tawi lake moja, nene kuliko paja langu, lilikuwa limeinama juu ya paa la chumba cha mamake. Mvua na upepo vilikuwa vimelipasua karibu na shina. Ovakado si mti wa kuaminika. Haupindi, unakatika tu, bila taarifa. Na chini ya mabati hayo yaliyoshika kutu alilala mama wa miaka themanini na zaidi, aliyevunjika nyonga miezi miwili kabla.

Nilisema ahamishwe kwa saa moja tu.

"Nimembembeleza tangu asubuhi," mwanawe akasema. "Ati akibebwa nyonga inamuuma, na hataki majirani wamuone akibebwa kama gunia."

Niliingia kumsalimia. Chumba kilikuwa kisafi, na kitanda kilikuwa pale pale nilipohofia kingekuwa. Aliniambia nisijali, tukate tu, yeye hana pa kwenda. Nilitoka nikiwa nimeudhika, kwa sababu mtu mkaidi akiwa amelala huwezi hata kugombana naye.

Basi tukajipanga kama kawaida. Kamba kubwa ya manila ilipitishwa kwenye panda ya mti, juu zaidi ya lile tawi. Ncha moja ilifungwa kwenye tawi lenyewe, mbele kidogo ya katikati, ili likikatwa lisiinamishe kichwa na kuchoma paa. Ncha ya pili ilishuka hadi chini, nami nikaizungusha kwenye shina la mti mara tatu. Mizunguko hiyo ndiyo inayobeba tawi. Shina linashika uzito, mkono unaamua tu mwendo. Kamba nyembamba ya kuongoza ilifungwa kwenye ncha ya tawi, akapewa jirani mmoja, fundi viatu, asimame uani alielekeze mbali na nyumba. Mume wangu alichukua msumeno wa mkono, kwa sababu ule wa injini una haraka, na juu ya paa la mtu haraka haitakiwi.

Alikuwa ameanza kukata upande wa chini, ule mkato wa kwanza unaozuia gome lisichunike, wakati mwenye nyumba alipokuja akasimama kando yangu.

"Mama, samahani. Wewe kaa kando kidogo. Huyo mwenye yuko ndani ni mamangu. Hii kamba nitashika mwenyewe."

Sikumlaumu kwa neno hilo wakati ule, wala sasa simlaumu. Ningekuwa yeye, huenda ningesema vivyo hivyo. Nilimpa kamba. Mume wangu aliona ikibadilisha mikono, akaendelea na mkato wake.

Yule bwana alijaribu kuivuta. Haikwenda, kwa sababu imewekwa pale isiende. Akasema imekwama, akatoa mzunguko mmoja, kisha wa pili.

"Hizo raundi ndizo zinabeba uzito," nilimwambia. "Zirudishe."

"Nimeshika mafahali miaka thelathini, mama."

Nilisema mara hiyo moja tu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani. Majani yalimzuia mume wangu kuona kilichofanyika chini. Aliuliza kama tuko tayari. Swali hilo hujibiwa na mimi. Siku hiyo lilijibiwa na mwenye kamba, kwa sauti kubwa, naye mume wangu akaanza mkato wa juu.

Mkato wa juu huchukua dakika kadhaa kwa msumeno wa mkono. Nilikuwa na muda wa kutosha kupaza sauti. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikupaza, na ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira, na kipande cha moyo wangu kilitaka auone uzito huo mwenyewe. Nilikisia kwamba mzunguko uliobaki ungelipunguza tawi kasi, kamba imchome viganja, mimi nidake mkia wake na kumalizia. Nilichokuwa sijaona ni kwamba alikuwa ameizungusha kamba mkononi mwake mara mbili, vile wanavyoshikwa mafahali sokoni ili wasichomoke. Niliigundua mizunguko hiyo ya mkononi tawi lilipoanza kulia, na nilipofungua mdomo lilikuwa limeshakatika.

Lilishuka kwa mpigo mmoja. Kamba ilikimbia, ikamburuta hadi shinani, na mkono wake ukabanwa kati ya kamba na gome. Hapo ndipo kila kitu kiliposimama. Tawi lilikuwa likining'inia juu ya mabati, pengo likiwa la kupitisha mkono tu, likiyumba. Kilichokuwa kimelishikilia ni ule mkono. Hakupiga kelele. Alifunga mdomo na kutazama dirisha la mamake.

"Limeisha?" mama akauliza kutoka ndani.

"Bado kidogo, mama," akajibu, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Kiunoni mimi hubeba kamba fupi. Niliifunga kwenye ile kubwa iliyokaza, juu kabisa nilipoweza kufika, kwa fundo la kujiviringisha ambalo kadiri unavyolivuta ndivyo linavyong'ata. Mume wangu aliteremka akichubuka magoti. Fundi viatu alifunga kamba yake ya kuongoza kwenye nguzo ya lango, akaja. Wakaning'inia wote wawili kwenye ile kamba fupi, na hiyo ndiyo mara pekee siku hiyo kuvuta kulipokuwa na maana. Tulipata ulegevu wa inchi chache. Niliufungua mkono wake mimi mwenyewe, nikaupitisha mkia wa kamba shinani mara tatu, nikawaambia waachie polepole. Uzito ukarudi kwa mti, mahali pake. Kisha nikalishusha tawi hadi uani, jani kwa jani, bila kugusa bati hata moja. 

Hospitalini walimkata vidole viwili, na cha tatu hakipindi tena. Mume wangu hakunilaumu, nami sikumlaumu. Siku nyingi tulikula tukizungumza habari za maziwa na karo za shule tu.

Baada ya wiki tatu tulirudi kumalizia matawi mengine. Mwenye nyumba alituita mwenyewe. Mamake alikuwa ameketishwa mlangoni juani, mto nyuma ya mgongo. Aliponiona alininyooshea mikono.

"Njoo, mwanangu. Huyu ameniambia ni wewe ulishika kamba tangu mwanzo mpaka mwisho. Yeye ni mtu wa kushika mafahali tu, na umeona vile mafahali wa Doldol wameufanya mkono wake."

Mwanawe alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, bandeji mkononi. Aliniangalia, akatikisa kichwa mara moja kunikataza. Nilitaka kumwambia mama yule kila kitu: mizunguko mitatu, chumvi ya mezani, hasira yangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu yeyote. Nikanyamaza tena, safari hii kwa kuombwa.

Alivuta mikono yangu hadi mapajani mwake, akaiombea dua ndefu, akivigusa vidole vyangu kimoja baada ya kingine mpaka vikatimia kumi. Alipomaliza alingoja niitikie. Nikasema amina.