Ubao wa Mbele

Kila asubuhi ninapomfutia binti yangu miwani, nasikia harufu ya chaki.

Siku hiyo mama aliitwa shuleni aje anichape mbele ya darasa, kwa sababu nilikuwa nakataa kusoma ubaoni. Aliingia katika darasa letu la mbao lililojengwa kwa harambee akitoka kuchuma kahawa, kikapu bado kiunoni, mikono ikinata, na fimbo aliyoikata njiani. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa.

"Mama, mtoto yako ni jeuri," mwalimu akasema. "Kitabu anasoma vizuri. Hapa ubaoni ati haoni. Hebu simama karibu na yeye umsomee, aone aibu."

Mama alijua kusoma. Kila jioni alitusomea Biblia akiwa ameishika karibu iguse pua yake. Akaja kando yangu, akainua fimbo, akatazama mbele. Halafu akafinya macho, akafinya tena, vile vile nilivyofinya mimi.

"Mwalimu," akauliza, "kwani umeandika kitu?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alininyooshea kidole nihamie dawati la mbele, na mama akatoka na fimbo yake.

Jioni tukipeleka kahawa kiwandani, Mlima Kenya ukiwa mbele yetu, akaniuliza bila kunitazama, "Wewe mlima unaonanga aje?"

"Naona kitu nyeupe, kama wingu."

Tukavuka daraja.

"Hata mimi," akasema. "Nilifikiri ndio vile uko."