Kobe na Kiberiti kwenye Mteremko wa Butiama

Niliondoka Makoko, pembeni ya Musoma kando ya ziwa, kwa sababu ya ubishi wa magari. Shemeji yangu Magesa, kaka wa mke wangu, analima pamba Bunda. Mwaka huo alikuwa amepata kigari cha Kijapani kilichotumika, kimojawapo cha hivi vilivyoanza kumiminika tangu watu waruhusiwe kujiagizia vitu kutoka nje. Kina pembe nne kama kisanduku, kwa hiyo Bunda nzima inakiita Kiberiti. Mimi nilikuwa na Kobe, gari la mgongo wa mviringo na injini nyuma, nililolipata ujanani na kuzunguka nalo kutoka Tarime hadi Shinyanga, kwa maana mimi kukaa mahali pamoja kunanishinda.

Magesa alileta ujumbe kwamba tubadilishane, gari kwa gari. Kobe ameinuka kutoka ardhini, angefaa njia zake za shambani. Mimi mtu wa safari nichukue gari linaloinusa petroli tu. Nikamjibu kuwa sitakubali mpaka nione kwa macho yangu. Tukapatana kuyashindanisha katika njia moja. Kobe akinywa petroli zaidi, anakuwa wa Magesa.

Alfajiri ya Jumamosi tulitoka, mimi na mke wangu Nyangeta; mwanetu Magoti alibaki nyumbani. Ziwa lilikuwa bado jeusi. Kila nilipofika kwenye mteremko nilizima injini, nikaweka gia huru, nikamwacha Kobe ateleze kimya. Msomaji mwenye umri wangu haulizi kwa nini. Miaka ile ya shida petroli ilitoka kwa kibali, na Jumapili mchana kuendesha gari lilikuwa kosa. Kila dereva wa Mara alijua milima yake na mahali pa kuzima. Nyangeta alisema siku hizi petroli ipo, naweza kuacha injini iungurume kama ya watu wengine. Nikacheka.

Saa tatu tulikuwa Bunda, na hapo mshangao wa kwanza ukanipata. Kituoni hapakuwa na foleni. Nilisimama na dumu langu mkononi kama mgeni aliyekosea msiba. Duka la jirani lilikuwa na sabuni za aina tano, na mwenye duka alikuwa anasinzia. Nilikumbuka tulivyosukumana kwa ajili ya kipande kimoja, nikashindwa kujua nifurahi au nikasirike.

Magesa alimzunguka Kobe akimpigapiga mgongoni. "Shemeji, hili jiwe bado linatembeaga?" Nikamwambia jiwe limefika, na kiberiti chake kikilowa na mvua tutaona. Tulikula ugali na sato nyumbani kwake, kisha tukajaza matangi yote mawili hadi shingoni. Ili asiwepo wa kulipendelea gari lake, tukabadilishana viti: yeye aendeshe Kobe, mimi Kiberiti. Nami nikaapa kimoyomoyo kukitendea kile kigari haki ileile niliyomtendea Kobe miaka yote.

Saa nane tulifika Butiama kumchukua mama mkwe wangu, aliyekuwa anakwenda Makoko kumwona mjukuu mchanga, mtoto wa mdogo wake Nyangeta. Kwetu mwanamume hamsogelei mama mkwe wake wala hazungumzi naye uso kwa uso. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa nilikuwa sijawahi kusikia neno lake likielekezwa kwangu. Lakini Kobe alikuwa amejazwa magunia ya Magesa, ikabidi mama apande nyuma ya Kiberiti pamoja na Nyangeta. Alimwagiza binti yake aniulize kama nimekula. Nikamjibu binti yake kwamba nimeshiba. Hivyo ndivyo tulivyosalimiana.

Tulipoanza kushuka kuelekea Makutano, niligeuza ufunguo. Injini ikanyamaza. Kiberiti kiliteleza vizuri kuliko Kobe, chepesi, upepo ukivuma madirishani, nami nikaanza kukipenda. Nilikanyaga breki kwenye kona ya kwanza, ikashika. Ya pili ikashika kidogo. Mara ya tatu pedali ilikuwa ngumu kama nimekanyaga ukuta, na gari halikupunguza mwendo hata chembe. Mbele yetu, chini kabisa, ng'ombe walikuwa wanavuka barabara bila haraka.

Nilikanyaga kwa miguu miwili. Nyangeta alianza kusali. Ndipo sauti nisiyoizoea ikasema nyuma ya sikio langu, kwa utulivu kabisa:

"Baba Magoti, washa gari. Magesa hazimagi."

Niligeuza ufunguo. Injini ikawaka, pedali ikalainika, na Kiberiti kikasimama karibu na mkia wa ng'ombe wa mwisho kiasi kwamba vumbi lake liliingia dirishani. Nilivuta breki ya mkono, nikaiacha injini ikiunguruma.

Magesa alipotufikia na kusikia habari, hakunitania. Alinieleza kwamba breki za gari lile husaidiwa na injini. Ukiizima, zinabaki na pumzi ya kukanyaga mara mbili tatu. Za Kobe hazihitaji msaada huo. Alidhani kila mtu anajua.

Jioni tulijaza tena matangi Musoma mjini. Kiberiti kilikuwa kimekunywa zaidi kidogo tu ya nusu ya alichokunywa Kobe. Nilitazama kipimo, nikarudia, kisha nikampa Magesa kadi ya Kobe bila kubishana. Nilichojifunza si kwamba gari moja ni zuri na jingine ni baya. Kobe alivumilia ubahili wangu miaka yote, nami nikadhani huo ndio udereva. Shida ilikuwa imeondoka madukani, ila mkononi mwangu ilibaki, na kidogo iue watu watatu.

Baada ya wiki mama alitaka kurudi. Nilimfungulia mlango wa nyuma wa Kiberiti, nikasogea kando kama inavyotakiwa. Akaupita. Akafungua wa mbele mwenyewe, akakaa pembeni yangu, mahali ambapo mama mkwe hakai, na mpaka Butiama hakuondoa macho yake kwenye mkono wangu wa ufunguo.