Doa Jeupe la Mama wa Mbau

Chumba changu cha ekografi, cha kupiga picha za ndani ya tumbo, huko Beni, kilikuwa na viti viwili. Cha pili kilikuwa cha mwenzangu, na tangu ahamie Butembo hakuna aliyekikalia. Zamani nikiona kitu nisichokiamini nilimwambia, "Hebu angalia." Sasa nilikuwa naangalia peke yangu.

Asubuhi moja akaingia mama kutoka Mbau. Alikuja kwa pikipiki, bila msindikizaji, mkono wake juu ya ubavu wa kulia.

"Ulikula kitu, mama?"

"Hapana, docteur. Tangu jana magaribi niko nafunga."

Nilimwambia mimi si daktari, ni mpiga picha tu. Hakujali. Nikampaka jeli, nikapitisha sonda ya mashine juu ya tumbo. Mwisho wa mfereji wa nyongo, pale unapokutana na utumbo, doa jeupe liling'aa, na nyuma yake kivuli. Nikaandika: jiwe. Neno hilo humpeleka mtu Butembo kupasuliwa.

Aliusoma uso wangu kabla ya karatasi.

"Batanipasua? Docteur, mie mujane. Batoto bane nitabaachia nani? Majirani balikimbiaka vita bote."

Nikageukia kiti cha pili, kwa mazoea. Kitupu. Basi nikairudia picha. Kivuli cha jiwe huwa cheusi safi, kama kimekatwa kwa wembe. Hiki kilikuwa na ukungu ndani.

"Na kunywa, mama? Ulikunywa kitu?"

"Aah, sucré moya tu! Dada yangu wa hapa Beni alinipatia. Mutu anapita kwako, utamuacha aende na kinywa kikavu? Lakini sucré si chakula!"

Nilipaswa kujua. Kwetu mgeni hapiti bila kupewa kitu, na kinachonyweka hakihesabiwi kuwa mlo. Ile soda ilikuwa imejaza hewa kwenye utumbo, na kwenye picha hewa nayo hung'aa kama jiwe.

Nikamnywesha maji ili yaisukume hewa, nikamlaza ubavu wa kulia, nikangoja. Doa likameguka, likasogea, likapotea. Mfereji ukabaki mweusi, mwembamba, hauna kitu. Nikamwambia halikuwa jiwe, ni hewa ya soda.

"Kumbe hewa!" Akacheka huku akishika ubavu. "Sucré ya dada ilitaka kunipeleka ku kisu!"

Nikamwelekeza kwa daktari amtafutie chanzo cha maumivu, akatoka na dawa za tumbo. Nikasikia pikipiki ikimrudisha kwa wanawe. Mkononi nilikuwa bado na karatasi ya kwanza, yenye neno langu, jiwe, na sahihi yangu, na sikuwa na wa kumwonyesha.